Papasa Kabla ya Kupiga Pasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla banda halijafunguliwa, nikasimama upenuni nikijiuliza kama ndilo lenyewe au nimekosea njia. Ndivyo nilivyo. Mke wangu husema watu wengine huzaliwa na alama mwilini, mimi nilizaliwa na wasiwasi.

Banda lilikuwa la mitumba, katika soko moja la Dodoma mjini, na kazi yangu ilikuwa kupiga pasi. Vijana wa leo mnaouza nguo kwenye simu, mnapiga picha shati limejikunja na bado linanunuliwa, hamtaamini kwamba zamani banda zima lilisimama kwa pasi ya mkaa. Nguo ilitoka kwenye belo, yaani lile furushi kubwa lililobanwa kwa mashine na kufungwa mikanda, ikiwa na mikunjo mpaka hujui ni sketi au pazia. Ikishapita kwa mpiga pasi na kutundikwa kwenye kamba, ilikuwa imepanda cheo. Mteja hakuichakura tena rundoni, aliitazama kwa heshima, na bei yake ikawa nyingine.

Bosi wangu wa kwanza tulimwita Msimamizi. Alinipa maelezo ya kazi huku anatafuna muhogo.

"Sikiliza. Kilicho mezani kipige pasi. Kilichopigwa pasi kitundike. Kilichotundikwa kinauzwa. Hapo katikati hakuna maswali."

"Na nikiunguza, bosi?"

"Si nimesema hakuna maswali?"

Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi mitatu, tumepanga chumba kimoja, na kazi nyingine sikuwa nayo. Kwa hiyo kila shati niliogopa kana kwamba ndilo litakalonifukuzisha. Nilijifunza kupepea mkaa mbali na nguo ili majivu yasiruke, kujaribu moto kwenye pindo la ndani kabla ya kugusa mbele, na nguo za sufu kuzipiga juu ya kitambaa chenye maji ili mvuke ndio ufanye kazi. Nilijifunza pia kwamba makoti yana kitambaa kigumu kilichofichwa ndani, kwenye kola na kifuani, cha kuyafanya yakae wima. Hicho ukikutana nacho unakandamiza bila huruma.

Wiki ya tatu ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma mwezi wa saba mnaujua. Makoti yalikuwa yanatoka mbio. Asubuhi moja akaja binti mmoja kutoka kijiji cha Hombolo, jina lake Veronika, anatafuta sketi nyeusi ya kuvaa kesho yake kwenye usaili wa ukarani. Alichakura rundo kwa subira ya ajabu, akapata sketi nne, akaenda kuzijaribu nyuma ya kanga tuliyoitundika pembeni. Kabla ya kuingia alivua koti lake la kijivu akaliweka mezani kwangu.

Mimi sikumwona akiliweka. Nilikuwa nimeinama naongeza mkaa. Nilipoinuka nikakuta mezani kuna koti, na kilicho mezani kipige pasi.

Lilikuwa koti zuri la sufu. Nikatandika kitambaa cha maji, nikaanza. Katikati ya mgongo pasi ikakutana na kitu kigumu. Mgongoni sikuwahi kukutana nacho, lakini mtu wa wiki tatu kazini anajua nini? Nikasema hawa washonaji wa Ulaya wana mambo yao. Nikaongeza maji, nikakandamiza. Bado kigumu. Nikakandamiza tena, nikaiacha pasi hapo nikihesabu mpaka kumi. Kisha nikalitundika.

Koti halikukaa kwenye kamba hata dakika tano. Kulikuwa na mama mmoja mpenda mitumba hasa, wa kutoka Mkonze, nje kidogo ya mji, ambaye baadaye wote tulimwita Mama Mkonze. Alilishika likiwa bado la moto.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo. "Hili la belo gani?"

"La leo, mama," nikajibu, na nilikuwa naamini.

Wakavutana bei na Msimamizi, yeye akijifanya anaondoka na Msimamizi akijifanya hamwiti, mpaka wakakutana karibu na nusu. Akalivaa palepale. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akacheka peke yake. "Limenikaa! Jamani, tazameni, limenikaa!" Tangu nianze kazi sikuwa nimeona mtu anafurahi hivyo kwa kitu cha kununua, na mimi nikajisikia fundi. Akaondoka nalo mwilini.

Veronika akatoka nyuma ya kanga na sketi yake mkononi, anatabasamu. Akatazama meza.

"Kaka, koti langu umelisogeza wapi?"

Nikamtazama. Nikatazama kamba.

"Koti lipi, dada?"

"La kijivu. Nimeliweka hapo." Akaona uso wangu. Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya belo na kusema polepole, "Kaka, cheti changu kimo ndani. Cheti chenyewe halisi. Shangazi alikishonea mgongoni, alisema mjini kuna wezi. Usaili ni kesho saa mbili, na wamesema bila cheti halisi hata usije."

Mgongoni. Nilikuwa nimeuza koti la mtu, na kabla ya kuliuza nilikuwa nimekichemsha cheti chake.

Msimamizi alisikiliza yote bila kutafuna kitu, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Sisi tunauza nguo, hatuuzi vyeti," akasema. "Mtafute yule mama. Usipompata, pasi yangu usiiguse tena."

Tukatoka mimi na Veronika. Jina la mama hatulijui, nyumba hatuijui, tunachojua ni Mkonze tu. Nilidhani tumekwisha. Nikamwuliza muuza nyanya mlangoni mwa soko kama amemwona mama mwenye koti la kijivu.

"Yule? Kanilazimisha nishike mkono wa koti nisikie kitambaa. Kaelekea kule." Akanitajia na bei aliyoambiwa, na ilikuwa chini kidogo ya ile niliyoisikia mimi.

Mbele yake fundi viatu alikuwa naye amelishika, na bei ilikuwa imepungua tena. Kwenye mashine ya kusaga mama alikuwa amesimama kabisa, akageuka kulia na kushoto, na wanawake wa pale walituambia kwa wivu kwamba kalipata kwa bei ya kitambaa cha kichwa. Hapo ndipo nilipoielewa furaha ya mpenda mitumba: haiwezi kukaa kimya. Anayenunua nguo mpya dukani huficha bei, huyu huitangaza, na kila anapoitangaza anaishusha. Tulimfuata kwa kufuata bei. Kila iliposhuka nilijua tunakaribia, na kila nilipojua tunakaribia nilizidi kuogopa, maana kumpata ilikuwa ni kukiona cheti.

Mara moja njiani Veronika aliuliza, "Pasi ilikuwa ya moto sana, kaka?" Nikamwambia kiasi. Mungu anisamehe.

Tulimkuta uani kwake Mkonze, jua la alasiri linawaka, majirani wamemzunguka, na yeye yumo ndani ya koti anatiririka jasho. Bei ilikuwa imefika pa kusema alipewa bure. Nilipoeleza shida yetu alijikumbatia lile koti kwa mikono miwili.

"Mmegundua limeuzwa rahisi, sasa mmekuja na hadithi."

"Mama, pasua bitana ya mgongoni," Veronika akasema. "Ukikosa kitu, tunaondoka."

Ukaletwa wembe. Alilivua akamkabidhi jirani yake, si sisi. Uzi wa shangazi ulikuwa mweusi, mishono ya karibu karibu, na kila uliokatwa niliusikia. Kikatoka kipande cha kanga kilichokunjwa, chenye unyevu. Ndani ya kanga, cheti.

Kilikuwa kimejikunja mawimbi. Wino wa muhuri ulikuwa umetanuka kidogo. Na pembeni, karibu kabisa na jina lake, palikuwa na alama ya kahawia yenye ncha, ncha ya pasi yangu. Jina lilisomeka. Alama za mitihani zilisomeka. Lakini mtu mwenye nia ya kukikataa asingekosa sababu. Veronika alikitazama, akakipuliza kama mtu anayepoza uji, akakirudisha kwenye kanga.

Yule mama akalichukua koti kutoka kwa jirani, akalikung'uta vumbi, akamvika Veronika mwenyewe.

"Chukua, mwanangu. Kesho asubuhi kuna baridi." Akanigeukia mimi. "Lakini leo nilikuwa nimefurahi."

Msimamizi alimrudishia fedha zake. Mimi ile furaha ndiyo niliyotaka kumrudishia, na sikujua inarudishwaje. Veronika alienda kwenye usaili wake na yaliyompata huko sikuyajua.

Kazi nilibaki nayo. Baada ya miaka michache nikahamishiwa stoo, chini ya bwana tuliyemwita Mwenye Stoo, nikafundishwa kufungua mabelo. Hiyo ndiyo kazi ya roho mkononi kuliko zote. Unakata mkanda, na mtaji wa mtu unafumuka mbele yako. Unaweza kukuta masweta mapya, unaweza kukuta nguo za kuogelea, na Dodoma hii maji ya kuogelea yako wapi? "Usikunje uso wateja wakiwa wanaangalia," Mwenye Stoo aliniambia, "hata likiwa bovu, cheka." Sikuweza. Nilitoka jasho mabelo yote.

Ila huko ndiko nilikopata cha kumlipa Mama Mkonze. Anayefungua belo ana haki ya kumwita mtu mmoja achague kabla ya wengine, chaguo la kwanza. Nilimwita yeye, kila belo la makoti, miaka yote mpaka alipofariki. Alikuwa anachakura anaimba. Jirani zake wanasema bei ziliendelea kushuka njiani.

Baadaye nikaweka meza yangu karibu na Chimwaga, kilipo chuo kikuu, wateja wangu wakiwa wanafunzi, halafu serikali ilipohamia Dodoma wakaja pia maofisa wanaotafuta suti. Cheo kilibadilika, hofu haikubadilika. Hakuna nguo niliyoipiga pasi bila kwanza kuipapasa mgongo, mifuko na pindo. Wanangu walinicheka. Wao hawakujua kwamba kila nilipopapasa nilikuwa namwona binti amekaa mbele ya meza ya wakubwa, mmoja wao anaweka kidole kwenye ile alama ya kahawia na kuuliza, hii ni nini?

Mwaka jana bega la kulia likagoma, nikaamua kustaafu. Wiki yangu ya mwisho akaja mama mtu mzima, ana vumbi la shamba kwenye viatu, na binti yake. Binti akavua sweta lake ili ajaribu jaketi.

"Usilitue hapo!" mama yake akamkemea. "Mitumbani ukilitua tu linauzwa. Funga kiunoni."

Nikaweka pasi chini. Nilimtazama mpaka akanitazama na yeye.

"Samahani, mama," nikasema. "Na kile cheti walikipokea?"

Akashika meza yangu kwa mikono miwili. "Kaka wa pasi!"

"Ilikuwa ile alama, sivyo? Walikikataa kwa ile alama."

"Alama gani?" Veronika akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho. "Kaka, cheti hata hawakukifungua! Walitupa mtihani wa hesabu kwanza, nikafeli. Tulirudishwa saa nne. Nilienda zangu Hombolo nikapanda zabibu, na ndizo zilizomsomesha huyu."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, mbele ya wateja. Miaka yote hiyo. Mgongo kwa mgongo, pindo kwa pindo.

Binti alikuwa amelipenda jaketi. Veronika akaomba apunguziwe, nikapunguza, akaomba tena, nikapunguza tena. Kabla ya kumkabidhi, mkono wangu ukapita wenyewe mgongoni mwa lile jaketi.

"Hakuna kitu humo, kaka," Veronika akaniambia kwa upole. "Nipe tu."

Nikampa.