Wimbo wa maharagwe uliomufukuza Papa Mugeni kutoka Nyabiondo

Wakuu wote wa jukwaa, mukae vizuri. Chumvi nitaweka, munanijua, lakini maharagwe yenyewe ni ya kweli kabisa.

Miaka ya sitini, kwetu Nyabiondo, nilikuwa kijana niliyemaliza masomo ya jioni, najiona profesa wa dunia nzima.

Kamyo ya mufanyabiashara wa Butembo ikatushushia mugeni mwenye viatu vya kung'aa, hata kuku walijitazama ndani. Kwao, inchi jirani, alikuwa mucheza teyatri na mutangazaji wa televizyo. Alichekesha watu juu ya rais. Rais hakucheka. Njo akakimbia.

Televizyo kwetu hakuna aliyeiona. Niliwaeleza watu kwamba ni kabati yenye muntu ndani, wakanisadiki.

Akatuomba: "Muniite Papa Mugeni tu. Jina langu likisikika kwetu, niko mufu."

Tukakubali. Akalima, malengelenge yakamutoka kama mayai ya bata.

Sikukuu ya mavuno, baada ya misa, tukamulazimisha acheze kidogo. Peke yake akawa chefu wa posti, ule mutawala wetu wa serikali, akawa bibi wa chefu, akawa mbuzi wa chefu. Wakuu, kilima kilitikisika! Padri alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Makofi yalipolia akainama, akafunga vile alivyozoea kufunga kule kwao: "Mulikuwa pamoja na mimi, Firmin Mazela!"

Akaziba kinywa. Lakini jina lilikuwa limetoka.

Sasa kwetu, mugeni akifurahisha watu, mama wanamutia mu wimbo wa kupiga maharagwe. Njo shukrani yetu, medali hatuna. Kesho yake fimbo zikaanza: pu, pu, "Firmini Mazela eee!"

Akakimbia kwa Mama Furaha, mwenye kuongoza wimbo.

"Mama, nakuomba, mutoe ile jina."

"Tutoe? Papa, unakataa heshima? Ao tunaimba vibaya?"

"Munaimba vizuri sana, Mama. Njo shida."

Mama Furaha akaelewa. Akaketi juu ya maganda, fimbo mikononi, machozi yakamutoka. Lakini wengine walikuwa wameshashuka soko la Kashebere, wanaimba njia nzima. Haikupita wiki, mushoferi akaleta habari: kuna wanaume wa makoti kule, wanauliza huyu Firmin wa wimbo analala wapi.

Nikamubebea mufuko, tukashika njia ya pori kwenda Itebero. Mara moja tu akasema: "Kaka, maisha yangu yote nilitaka watu waimbe jina langu."

Mimi na masomo yangu yote, nikahamisha mufuko bega lingine.

Karibu na Itebero tukakuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Muchi unapanda, unashuka, na yeye anaimba: "Firmini Mazela eee!"

Akatuona, akacheka. "Karibuni, Papa! Jina lenu nani?"

Papa Mugeni akatazama chini.

"Sina, Mama."

Nikamuacha pale. Sikumuona tena.

Wakuu, nimejifunza hivi: muntu akikuachia siri yake, uchunge hata furaha yako. Sisi hatukumuchukia hata siku moja, njo maana inaniuma mpaka leo.

Kama humu kuna muntu wa Itebero, aniambie: ile wimbo munaiimba bado?