Binti wa Heidrun Anakuja kwa Meli

Heidrun Pralle aliuza tiketi za treni katika stesheni ya Göttingen kwa miaka thelathini na minne, na mteja aliyethubutu kumwambia kwamba ndege ni rahisi zaidi alitazamwa juu ya miwani. "Basi kapande ndege, mwanangu. Hapa ni stesheni." Alijiunga na chama cha Kijani, cha watetezi wa mazingira, mwaka themanini na nne akiwa na mimba, na mwaka tisini na moja akaapa kwamba hatapanda ndege tena maishani. Aliapa pia kwa niaba ya mumewe, Volkmar, fundi wa kurekebisha sauti za piano, ambaye hakuulizwa.

Binti yao wa pekee, Wiebke, alikulia chini ya kiapo hicho. Alipopata kazi ya ualimu Santos, kule Brazil, alikwenda kwa meli ya mizigo, na Heidrun alilisimulia jambo hilo chamani mpaka watu wakawa wanalijua kwa moyo.

Tumpe haki yake: hakuwa mtu wa kukataza. Wiebke alipoomba jambo ambalo mama yake hakulipenda, jibu lilikuwa lilelile tangu ana miaka kumi na minne: "Wewe ni mtu mzima, amua mwenyewe." Nyumbani mle kila mtu alijua maana yake. Maana yake ilikuwa thubutu uone.

Kisha mapafu ya Volkmar yakachoka. Akahamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wasio na matumaini ya kupona, na Jumatatu moja daktari akamwita Heidrun kando. "Bi Pralle, tuseme wiki moja. Tukibahatika, siku kumi."

Heidrun hakulia. Alimshukuru daktari, akashuka ngazi, akafungua kufuli la baiskeli, akasimama pale bila kukumbuka anakwenda wapi. Tangu saa ile alikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi mwili mzima. Alikula mkate, akafua, akamwagilia maua, na hakuna kilichomgusa.

Jioni Wiebke alipiga simu. "Mama, hali ya Baba ikoje?"

"Si nzuri." Zile siku kumi za daktari hazikumtoka mdomoni.

"Nije kwa ndege?"

Heidrun alitaka kumwambia njoo, njoo leo hii. Akayatafuta maneno hayo, na kwa kuwa hakuwahi kuyatumia, akayakuta yale aliyoyazoea. "Wewe ni mtu mzima, Wiebke. Amua mwenyewe."

Safari hii alimaanisha hivyohivyo alivyosema. "Haya, Mama. Nimekuelewa."

Jumamosi asubuhi akakuta ujumbe kwenye simu. "Tumeng'oa nanga jana usiku, Mama. Hatusimami popote mpaka Hamburg, siku kumi na tisa. Unaona, sikupanda ndege. Mwambie Baba anisubiri." Heidrun alipiga namba ile mara sita. Haikupatikana. Akavaa koti, akaenda kwenye mkutano wa chama, kwa sababu Jumamosi hiyo kulikuwa na mkutano.

Mlangoni alikutana na Eckart, mwalimu mstaafu wa kemia, mtu wa sauti kubwa. "Wiebke hajambo?" "Anakuja kwa meli," Heidrun akajibu, akapita. Heidrun ndiye aliyetunza orodha za wasemaji kwa kanuni ya chama: moja ya wanawake, moja ya wanaume, zikipokezana. Majina ya wanawake yakiisha, wanawake ndio huulizwa kama mjadala uendelee.

Hoja ilikuwa kodi ya safari za ndege: iongezwe maradufu. Neslihan Aydoğan, mfamasia, alisimama. "Sikatai kodi, jamani. Ila mama yangu yuko Trabzon, Uturuki. Akianguka kesho, nimfuate kwa baiskeli? Naomba anayekwenda kuuguza au kuzika asamehewe."

Majina ya wanawake yakaisha. Heidrun akauliza, mikono ikainuliwa, akaihesabu, mjadala ukaendelea. Akamwita Eckart.

"Tukianza kusamehe, kila mtu atakuwa na shangazi mgonjwa huko Mallorca, ufukweni!" Watu wakacheka. "Mtazameni Heidrun. Mumewe anaumwa, na binti yake anatoka Brazil kwa meli. Kwa meli, wenzangu! Hiyo ndiyo siasa, nyingine zote porojo."

Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Heidrun akangoja yaishe. "Hatamkuta," akasema. "Meli ni siku kumi na tisa. Volkmar hana hata wiki." Kisha akatazama orodha, na kwa kuwa kazi ni kazi, akasoma jina lililofuata. Mwenye jina hakusimama. Pendekezo la Neslihan likapita, na Eckart alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Heidrun akaandika idadi ya kura. Yeye hakupiga, na hakuna aliyemuuliza.

Mchana alikuwa kando ya kitanda cha Volkmar.

"Wiebke anafika lini?"

"Yuko njiani."

Volkmar akamgeukia mkewe. "Meli?"

"Ndege," Heidrun akasema.

"Acha utani! Wewe umemwambia apande ndege?"

"Nimemwambia."

Volkmar akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akaushika mkono wa Heidrun. "Miaka yote hii nilikuwa nimeoa stesheni. Leo nimepata mke." Akapumzika kidogo. "Basi Jumatatu atakuwa hapa. Ninyoe, bibie, asinikute na manyoya kama mbuzi."

Heidrun akaleta beseni la maji ya moto. Akampaka sabuni, akamnyoa shavu la kulia, akamnyoa la kushoto, polepole.

"Umeruka hapa," Volkmar akasema, akainua kidevu.

Hapo ndipo uchungu wote wa wiki nzima ulipomfika Heidrun kwa mpigo mmoja, na wembe ulikuwa kooni mwa mumewe, kwa hiyo hakuweza kulia.