Nilikata Simu Ili Safari ya Baiskeli Isiharibike

Nianze na lililo baya kabisa, nisije nikazunguka mpaka nikaliacha. Mimi ndiye niliyemnyima rafiki yangu neno la mwisho la mama yake, na nilimnyima kwa ajili ya baiskeli. Baiskeli! Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nina mke na watoto, na siku ile nilikuwa na akili zangu timamu.

Jina langu silisemi. Naishi Gaithersburg, huku ughaibuni, nafanya kazi za kompyuta, na miaka yote hii nimekuwa nikizeekea ndani ya gari kwenye barabara ya 270. Rafiki yangu nitamwita Salim, ingawa si jina lake. Tumetoka mtaa mmoja, Tanga. Yeye yuko Laurel, anaendesha basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege, kwa hiyo naye magari yamemfika hapa shingoni.

Mama yake tumwite Bi Mwanaisha. Utotoni nimekula kwake kuliko nilivyokula kwetu. Nikipita tu mlangoni naitwa ndani, sahani imeshapakuliwa. Nasema haya ili ujue nilimkosea nani.

Basi mimi niliingiwa na wazimu wa baiskeli za changarawe, hizi zenye matairi mapana. Huku kuna njia inayofuata mto Potomac kutoka milimani, Cumberland, mpaka Georgetown mjini. Zamani nyumbu wa mizigo walipita hapo wakivuta mashua za mfereji. Leo hapapiti gari hata moja! Ni changarawe, miti, mto upande huu, mfereji upande ule, na milima imekuzunguka. Ukipiga pedeli pale unasahau kama kuna bosi duniani.

Nilipanga safari ya siku tatu kwa miezi sita. Likizo niliipigania kazini, vyumba vya kulala nilivishika mapema. Salim alikuwa anasitasita, kwa sababu mama yake alikuwa anasumbuliwa na moyo.

"Nita-manage vipi siku tatu porini?" akaniuliza. "Mama je?"

"Bwana we, simu si unayo? Utampigia hata ukiwa juu ya baiskeli."

Siku ya kwanza tu, simu yake ikatumbukia mferejini! Alikuwa anajipiga picha huku ameshika usukani kwa mkono mmoja. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha akachukua yangu, akampigia dada yake Zuhura kule Tanga, akamwambia, "Mkinitaka, pigeni namba hii."

Siku ya pili asubuhi, tumeshaupita mji wa Hancock, tukasimama kwenye pampu ya mkono kujaza maji. Salim akachukua chupa zote mbili akaenda kupampu. Simu yangu ikaita. Zuhura.

"Kaka, Salim yuko karibu? Hali ya mama imebadilika. Anamtaka Salim, anataka kusema naye. Mpe simu, kaka, mpe sasa hivi!"

Salim alikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Hatua kumi, msomaji!

Unajua nilichofikiria? Nilifikiria safari. Akisikia tu, atataka kurudi, na miezi yangu sita imekwenda na maji. Nikajiambia Bi Mwanaisha ameshazidiwa mara mbili huko nyuma na akainuka, basi atainuka tena. Hapo hapo nikasikia mdomo wangu unapiga kelele: "Halo? Halo! Sikusikii! Mtandao mbovu huku!"

Nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Nilimsikia hata mama mwenyewe, nyuma yake, kwa sauti ndogo: "Ndiye yeye?"

Nikakata. Nikazima simu.

"Nani huyo?" Salim akaniuliza, ananipa chupa yangu.

"Kazini. Hawa watu hawajui likizo."

Tukaendelea. Na kwa kuwa nimeshaamua kusema kweli, nitaisema yote: sijawahi kuendesha baiskeli vizuri kama asubuhi ile. Njia ilikuwa kavu, Salim alikuwa mbele anaimba, na mimi nilikuwa na furaha. Laana iliyoje!

Mchana tulipokaa kula nikajitenga, nikawasha simu. Ujumbe ukamiminika. Wa mwisho ulikuwa na maneno mawili tu: Mama katutoka.

Nikampigia Zuhura nikiwa nyuma ya miti. Maskini, yeye ndiye aliyeniomba radhi! "Najua mtandao ulisumbua, kaka, si kosa lako. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Sasa usimwambie njiani. Mfikishe kwanza kwa watu."

Unaijua mila yetu. Mfiwa haambiwi peke yake, ugenini. Analetwa nyumbani kwa kisingizio, anakalishwa katikati ya watu wake, ndipo anaambiwa. Ni mila ya huruma, na mimi niliidaka kwa mikono miwili. Lakini mila ile ni ya aliyekwisha kufa. Zuhura aliponipigia asubuhi, mama alikuwa hai!

Mke wangu naye akapiga. "Nimesikia. Nitume mtu awa-pick? Ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari."

"Usitume. Akiona gari atashtuka. Mwache amalize salama."

Eti amalize salama! Ilikuwa imebaki siku moja na nusu. Angefika kwake jioni ile ile, na hata mazishi angeyafuata kwenye simu. Mimi nikamkokota kwenye changarawe, mama yake akaoshwa, akasaliwa, akazikwa, huku yeye ananiuliza kama matairi yangu yana upepo wa kutosha. Mara mbili aliniomba simu ampigie mama. Mara ya kwanza nikamwambia Tanga wameshalala. Mara ya pili nikasema chaji imekwisha.

Tulipomaliza Georgetown nikamwambia tupitie kwangu tule. Watu walikuwa wameshajaa sebuleni, mke wa Salim na mtoto wao wakiwemo. Mzee mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaanza, "Salim, kaa kwanza, mwanangu," na yule binti wa Salim, wa miaka tisa, akamkimbilia baba yake.

"Baba, Bibi died. Everybody knows."

Salim akaenda chini na kofia ya baiskeli kichwani.

Akauliza ni lini. Wakamwambia jana asubuhi. Akanigeukia. Sebule nzima ikanigeukia! Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na sikusema. Yule mzee akanisemea: "Mwenzako kafuata mila. Mtu haambiwi njiani." Na Zuhura kwenye simu, wote tunamsikia: "Nilimpata asubuhi ya huko, lakini hakunisikia. Mtandao ulikatika."

Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya. Wakanipigapiga bega. Wakaniombea dua kwa kumtunza mwenzangu, na mimi nikaitikia amin!

Ulifikiri Salim alinichukia? Afadhali angenichukia. Salim anajichukia yeye. "Mimi na picha zangu za kipuuzi," anasema kila tukikaa. "Simu yangu isingeanguka, ningemuwahi. Labda alitaka kuniwia radhi. Labda alikuwa na usia." Hakumwona mama yake kwa miaka minane, na sasa hajui alichotaka kumwambia. Baiskeli kaiuza. Simu haiachi mkononi, hata akisali anaiweka mbele ya msala.

Na mimi ananiita ndugu! Ananiletea samaki aliyempika mwenyewe, anawaambia watu sina mfano. Samaki yule nawaachia watoto. Mke wangu ananiuliza kwa nini siku hizi nikisikia Salim anakuja natafuta pa kwenda, nami namjibu nimechoka na kazi. Njia ile ya mtoni sijaikanyaga tena wala siitamani.

Ijumaa iliyopita tulipotoka msikitini akanishika mkono. "Niambie ukweli, ndugu yangu. Ningekuwa na simu, ningemuwahi?"

Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Mwoga mkubwa mimi!

Wewe unayesoma, ukipewa neno la mgonjwa, lifikishe. Acha chakula, acha safari, acha kila kitu, mpe mwenyewe simu aseme na mtu wake. Usijipe kazi ya kupima nani atapona. Na ukishakosea, sema siku ile ile, mbele ya watu wale wale, hata kama watakutema mate. Ukinyamaza kama mimi, utakaa ukimtazama mwenzako anaomba msamaha kila siku kwa kosa lako, na wewe unamwambia apunguze kulia.