Beseni la Yurea Uani

Siku ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ni ile mama yangu mzazi alipoinua mikono juu mbele ya mume wangu, katikati ya uwanja wetu kule Jinja, kwa sababu ya kondoo.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mkwe wangu, na najua hilo peke yake linakutoa jasho. Juzi nilikuona dirishani hapa Namakwekwe. Mvua inanyesha, nawe umesimama nje ya geti umejikunyata, unasubiri mimi niondoke sebuleni ndipo upite kwenda kwa mke wako. Nilijifanya sikuoni, maana adabu zetu zinataka nijifanye. Baadaye nilikasirika sana, na hasira yenyewe ilinigeukia mimi. Kwa hiyo leo kaa hapo. Kunywa chai. Tazama kikombe chako kama huwezi kunitazama mimi, lakini masikio nipe.

Baba mkwe wako Opolot nilimpata akiwa askari magereza kijana, Mteso mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. Mimi nilikuwa Mgisu wa kule Wanale, sijui Kiteso hata cha kuomba maji, naye Kigisu chake kilikuwa cha kuchekesha. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Tulitongozana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na mke wako alibembelezwa kwa Kiswahili hicho hicho kilichopinda.

Mama yangu hakukipenda. Kwake kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, ya watu wenye bunduki waliokuwa wakisema mikono juu, lala chini. Alikubali niolewe, lakini kwa moyo mzito. Siku ya kuondoka alimtoa kondoo jike katika kundi lake dogo, akamfunga miguu mwenyewe, akampandisha kwenye lori la ndizi lililokuwa linakwenda Jinja. Akaniambia, "Huyu akizaa salama, nitajua na wewe umetulia." Akageuka, akaenda zake shambani bila kunipungia mkono. Basi ungeniona nilivyomlea yule kondoo. Opolot alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na kondoo, yeye ni shemeji tu.

Kiangazi cha mwaka ule kilitukuta kondoo ana mimba. Majani yote karibu na nyumba za askari yalikauka yakawa rangi ya gunia. Yalibaki mabua makavu ya mahindi, na mabua matupu hayana nguvu. Anakula, tumbo linajaa, mbavu zinazidi kuonekana. Kila asubuhi nilimpapasa mgongo, nikawa nasikia mifupa, nikawa nalia kimya kimya.

Opolot alikwenda kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akipita pale kwenye shamba la magereza, akarudi na yurea kwenye karatasi. Ndiyo, yurea, ile mbolea nyeupe ya mahindi. Nilimwambia ana wazimu. Akaketi akanieleza kama alivyoelezwa. Kondoo hafaidi yurea yeye mwenyewe. Tumboni mwake wamo vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaoila, wakiichanganya na utamu wa molasi na yale mabua. Wakinenepa na kuzaana, kondoo anawameng'enya, na hapo ndipo anapopata nyama mwilini na maziwa. Ila wanakula taratibu. Yurea iwe kidogo, iyeyushwe vizuri kwenye maji na molasi, inyunyizwe juu ya mabua, naye azoeshwe siku baada ya siku. Akiinywa kwa mpigo, vijidudu wanazidiwa, inageuka hewa kali ndani ya tumbo, inaingia kwenye damu na kumuua upesi. Daktari alimpa na chupa ya siki kwa ajili ya ajali kama hiyo. Mimi niliiweka rafuni, nikamtania kwamba itafaa kachumbari.

Basi tukaanza, kidogo kidogo. Kondoo akayapenda yale mabua, na mgongo ukaanza kufunika mifupa. Nikaomba msamaha kwa ile habari ya wazimu. Nusu yake, maana mwanamume hapewi msamaha wote siku moja.

Siku yenyewe, Opolot alichanganya maji yake ya yurea kwenye beseni, akaliacha uani akaenda nyuma ya ghala kukata mabua. Mimi nilikuwa nimekwenda bombani. Kumbe mama amefika kutoka Wanale, hakutuma hata salamu kwamba anakuja. Alitaka kuona kwa macho yake kama nimetulia. Akamkuta kondoo wake amefungwa juani, ulimi nje, na kando kuna beseni la maji yenye harufu ya molasi. Wewe ungefanya nini? Alimsogezea.

Opolot akatokea na mzigo wa mabua kichwani, akamwona mkwewe. Unajua kilichofuata, maana juzi umekifanya mwenyewe getini kwangu. Kwao Teso na kwetu Bugisu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani hivi hivi. Alirudi nyuma ya ua wa senyenge, akainamisha kichwa, akasubiri mama aingie ndani. Alidhani mama amepumzika tu. Mimi nilikuwa naingia na jerikeni langu upande wa pili, nikamwona akichungulia, kisha nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameliona beseni. Hata hapo, mwanangu, hakusema. Mdomo ulifunguka ukafungika. Kondoo anakunywa, na mtu mzima amesimama na neno mdomoni.

Ndipo likamtoka lote kwa mara moja, kwa ile sauti yake ya gwaride: "Wacha! Wacha hapo!"

Mama aliliangusha beseni. Akainua mikono juu, viganja vimefunguka, macho chini. Hakugeuka hata kuangalia ni nani.

Sijawahi kumwona Opolot akiumia vile. Alitupa mzigo, akapita katikati ya senyenge shati likachanika, akasimama mbele ya mama yangu hajui mikono yake aiweke wapi. "Mama, samahani," akasema, sauti sasa imekuwa ya chini. "Mimi Opolot. Hiyo maji ni mbaya kwa kondoo. Si kwa wewe. Kwa kondoo tu."

Haukupita muda kondoo akaanza kutetemeka masikio. Halafu miguu, halafu povu mdomoni, na tumbo likaanza kuvimba. Niliachia jerikeni, nikakimbilia siki. Niliporudi na siki na maji baridi, kondoo alikuwa amepiga magoti, Opolot anamzuia asilale ubavu, lakini kichwa kinamponyoka. "Mama," akasema, "saidia mimi. Shika kichwa yake."

Akashika. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa chumba kimoja na mwanamume huyu, alipiga magoti mkabala naye, mikono yao juu ya taya moja. Mimi nilikuwa namimina siki na maji polepole ili yasiingie mapafuni. Mama alikuwa anamwimbia kondoo kwa Kigisu, Opolot anamwomba Mungu kwa Kiteso. Mimi nilikuwa namtazama mama, nikijua akifa huyu kondoo, mama atarudi Wanale na jibu ambalo hatalibadilisha maisha yake yote.

Hakufa. Jua lilipopungua makali alisimama, akayumba, akajisaidia, akatukodolea macho kana kwamba sisi ndio tuliokuwa wagonjwa. Opolot akaenda kukaa kizingitini. Mama akakaa uani amempa mgongo, kila mtu amerudi kwenye heshima yake, na mimi katikati, kazi yangu kupeleka maneno.

"Muulize mume wako," mama akaniambia, "nyuma ya senyenge alikuwa anangoja nini."

Umbali wenyewe ulikuwa wa kunyoosha mkono. Nikatafsiri.

"Mwambie mama nilikuwa naheshimu yeye."

"Mwambie heshima yake nimeiona. Nimeiona pia njaa ya kondoo wangu ilivyokuwa inaisha, mgongo nimeushika. Lakini alinyamaza neno lilipokuwa dogo, na lilipokuja lilikuja kubwa, likanirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi tena."

Nilishindwa kutafsiri hilo. Nilikuwa nalia. Nadhani Opolot alilielewa kwa kuniangalia. Ndipo mama akageuka, mzima mzima, akamtazama usoni, na kwa ile lugha aliyoichukia akasema, "Wewe, mtoto yangu. Siku ingine, sema. Sema polepole, lakini sema mapema."

Kondoo alizaa mvua zilipoanza, dume na jike. Na miaka mingi baadaye, mama alipozeeka na kuhamia humu ndani, aliyemshikia kikombe cha uji mikono ilipokuwa inatetemeka alikuwa Opolot. Watu wa ukoo walinong'ona. Mama aliwajibu kwamba mikono yao ilikwisha kusalimiana, kondoo akiwa shahidi.

Sasa nisikie vizuri. Neno la kuonya, neno la kuomba, neno la kusema hapa naumia, yote hayo ni ile yurea. Likitolewa mapema, kidogo kidogo, watu wa nyumba wanapata nafasi ya kulimeng'enya, na linawajenga. Ukilifungia kifuani kwa jina la heshima mpaka lije lote kwa mpigo, linatetemesha nyumba, hata kama umelitilia molasi. Heshima endelea nayo, sikuambii uje kunirukia shingoni. Lakini pakiwa na hatari, au haja, au uchungu, heshima isikuzuie mdomo. Binti yangu ameniambia kuna jambo unataka kuniambia na huna pa kuanzia. Pa kuanzia ni hapa, na chai bado ya moto.

Mungu akupe ulimi usiochelewa na sauti isiyomtisha mtu. Mke wako asikuogope hata siku moja. Watoto wenu wasikie ukweli kwako kabla hawajausikia barabarani. Na siku utakayokuja tena mvua ikinyesha, usisimame getini. Piga hodi, mwanangu. Mimi mwenyewe nitafungua.