Siku Niliyompiga Baba Mkwe

Leo nacheka, ila siku ile, jamani, nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Nyakatuntu, nimekulia kwenye migomba, na ndiyo kwanza nilikuwa nakwenda kwa kina mchumba wangu, kule Rubwera, wanitazame kama nafaa. Mama alinifunda wiki nzima: ongea taratibu, piga magoti ukisalimia, na baba mkwe usimguse hata kwa ncha ya kidole (kwetu mkamwana kumgusa baba mkwe ni mwiko mkubwa).

Nikakaa mkekani kwa adabu zangu zote. Kisha wifi yangu, Koku, akawasha gemu ya ngumi kwenye televisheni, ile ya kushika virimoti viwili, ukirusha mkono na mtu wa kwenye kioo anarusha wake. Akaniomba nicheze raundi moja tu. Nikaona nikikataa ataniona najidai, nikasimama.

Mwanzoni nilirusha mkono mzima kama nakata mgomba kwa panga, mtu wangu akawa anapigwa tu, Koku akanielekeza kwamba ngumi fupi zinatosha, nikaelewa, nikaanza kushinda, na kushinda kunalevya, nikawa narudi nyuma bila kujijua (macho yako kwenye kioo, miguu inakwenda inakotaka) mpaka nikafika mlangoni, nikavuta mkono nyuma kwa nguvu nimmalize yule jamaa, na mkono ukatua shavuni kwa baba mkwe, aliyekuwa ndiyo anaingia.

Kofia yake ikaanguka. Mama mkwe akaganda na sahani ya senene wa kukaanga mkononi. Nikaporomoka magotini, virimoti bado nimeving'ang'ania, nikasema shikamoo baba kwa sauti ya kilio. Nilijua uchumba umekwisha, na nyumbani nitasema nini sijui.

Mzee akajishika shavu. Akatazama televisheni, ambako mtu wangu alikuwa ameshusha mikono na anapokea ngumi za uso.

"Marahaba," akasema. "Inuka mwanangu, mwenzako anakupiga."

Nililia pale pale, mbele yao wote, kwa furaha na kwa aibu.

Sasa nina miaka miwili kwenye ndoa, na nimeapa sitacheza tena gemu nimeupa mlango mgongo. Mzee hajawahi kunisema. Ila mpaka leo, akifika kwenye sebule yake mwenyewe, anasimama nje, anakohoa, anasubiri kidogo, ndipo anaingia.