Masizi Kwenye Bomba la Kaka

Grenda ya kukatia bati ilikuwa mkononi mwangu, fenda ya kushoto ya gari la kaka imeshachanika nusu, na mwenye gari amechuchumaa nyuma anapaka masizi ndani ya bomba la moshi.

Masizi ya sufuria, jamani. Kayakwangua jikoni kwake, kayafunga kwenye karatasi kama dawa.

Nikazima mashine.

"Kaka, unafanya nini?"

"Bomba la kweli lina masizi. Haya yanang'aa kama vijiko. Wataingiza kidole, wataniumbua."

Ngoja nieleze taratibu.

Mimi ni fundi wa bodi. Sikusomea; nilijifunza kwa kuharibu mabati ya watu wenye subira. Kaka ndiye aliyenilea, kwa hiyo akisema jambo, kwangu limeshapita.

Juzi juzi alinunua gari la spoti. Limechongoka mbele, limebinuka nyuma. Kila fenda ya nyuma ina tundu la hewa, na chini kuna mabomba manne ya moshi.

Matundu yenyewe ni plastiki nyeusi iliyobandikwa juu ya bati zima. Hata mbu hapiti. Yale mabomba manne ni midomo mitupu. Moshi unatokea kwenye kibomba kimoja kilichojificha kwa chini, kinaangalia lami.

Limetoka kiwandani hivyo hivyo. Mimi sikuona dhambi. Linapendeza, na linatembea.

Ila kaka yumo kwenye kundi la wapenda magari, kule kwenye simu. Alipotupia picha, mtu anayejiita Jicho Kali akaandika: "Hayo matundu ni kope za bandia. Mzee, gari lako limejipodoa."

Kundi zima likaangua kicheko. Na mimi nilipoonyeshwa nilicheka, kidogo.

Kaka hakucheka. Akaniletea gari.

"Yatoboe yawe ya kweli. Jumapili tunakutana, nataka wapitishe mkono."

"Kushoto utaingiza vumbi kwenye buti, basi. Lakini kulia, nyuma ya bati, ndipo linapopita bomba la kujazia mafuta. Cheche ikiruka pale..."

"Wewe si fundi?"

"Fundi, ndiyo. Si zimamoto."

"Mdogo wangu, nimewahi kukuomba nini?"

Kweli, hajawahi. Nikaanza na kushoto.

Mchana kaka alitoka kutafuta wavu wa kuweka kwenye tundu. Shemeji, mke wake, akaja na chakula. Alipoona bati limechanika, uso ukamshuka. Akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Shemeji, usikate upande wa pili."

"Mwambie mwenyewe. Mimi ananisikia?"

Akanipa simu yake. Jina lililokuwa juu ya ukurasa: Jicho Kali.

Nilisoma mara mbili.

"Shemeji! Mambo ya magari umejifunzia wapi?"

"Kwake. Kila tukila anaponda magari ya wenzake. Hilo la kope za bandia alilisema yeye, juu ya gari la jirani. Mimi nimemrudishia tu."

"Sasa kwa nini?"

"Akitoka kazini anaingia kwenye simu mpaka usingizi unamchukua. Watoto wanamwonyesha daftari, anaitikia 'eeh' bila kuangalia. Nilidhani wakimcheka atawaacha, arudi kwetu."

"Mwambie leo leo."

"Nikimwambia, ataniacha mimi."

Kaka akatokea, wavu begani, anapiga mluzi. "Mama watoto, njoo uone!"

Akaingiza mkono mzima kwenye tundu la kushoto. Tukauona unapunga ndani ya buti kama mtu anayeaga. Tangu alete gari sikuwa nimemwona akicheka.

"Limekuwa la kweli, eh?"

"Limekuwa la kweli," akajibu shemeji.

Akanitazama. Nikajifanya natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni.

Ndugu zangu mnaopenda kuandika hiki feki, kile feki, andikeni taratibu. Gari halina masikio. Mwenye gari anayo, na anaweza kushika grenda. Au akampa mdogo wake.

Nimefunga kazi kwa leo. Fenda ya kulia ina mstari wa penseli tu. Nimemsihi kaka tena tuliache lilivyo. Kasema atakuja asubuhi na mapema, asimame pembeni yangu.

Ndoo ya mchanga nimeshaijaza.