Taa ya Tulinagwe Kwenye Karasha

Tulinagwe, mama yake Gwantwa, alishuka kutoka milima ya Ileje na begi la vifaa vya kutengenezea redio, akafungua kibanda Mkwajuni jirani na karasha, lile pipa la chuma linalozunguka na kusaga mawe ya dhahabu. Ufundi hakuusomea popote. Alifumua vitu vilivyokufa na kukiuliza kila kimoja kimekufa na nini.

Ndani ya saa za mezani alikuta visahani vya shaba, vyembamba, vinavyolia vikipewa umeme. Siku moja akagonga kimoja kwa kucha, mshale wa mita yake ya kupimia umeme ukaruka. Kumbe nacho kikitikiswa hutoa umeme! Basi akagundisha ishirini kwenye fremu ya karasha, akaunganisha taa ndogo nyekundu. Pipa likizunguka, taa inawaka, betri haina. Watu wakashangaa wiki moja, wakazoea.

Alasiri moja taa ikawaka hata juani ikaonekana.

"Mama Gwantwa, leo umeilisha nini?" aliuliza Lusubilo, mwendesha karasha, akiwa ameinama kando ya pipa.

"Imeshiba!" akadakia Ferdinand, mwenye mawe, aliyekalia kiroba chake kitupu. "Kesho inachaji simu hiyo."

Tulinagwe naye alicheka. Fundi gani hafurahi? Kisha kicheko kikamkauka. Visahani ni vilevile ishirini. Umeme ukiongezeka, basi kilichoongezeka ni mtikisiko.

"Lusubilo, zima injini. Kuna kitu kinaachia."

Ferdinand akasimama. "Haizimwi! Mzigo wangu umo ndani."

Lusubilo akabaki ameinama. Pale machimboni, karasha ikisimama kabla mawe hayajalainika, mwendeshaji huitwa mwizi wa dhahabu, na jina hilo humfuata mtu hadi Kamsamba. Miaka sita hajaitwa hivyo.

"Mama, ngoja tumalize tu hili pipa," alisema kwa sauti ndogo.

Taa ikazidi. Sasa hata ardhi ilisikika ikitikisika miguuni.

Tulinagwe akafungua kitenge kiunoni, akamtupia Ferdinand. "Likisimama, funga mdomo wa pipa kwa fundo lako mwenyewe, ulikalie. Mwizi niite mimi. Lusubilo, toka hapo!"

Akaukimbilia waya wa kuzimia injini, akauvuta.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Lusubilo alipiga hatua mbili, ya tatu akajikwaa. Pipa lilikuwa likijivuta mzunguko wa mwisho bolti za beringi zilizolishikilia zilipokatika. Likaanguka kwa kishindo pale pale alipokuwa ameinama.

Vumbi. Taa imezima.

Ferdinand alilifunga pipa kwa kile kitenge, mafundo matatu. Alipomaliza ndipo akamgeukia Lusubilo. "Miguu yako iko yote, mdogo wangu?"

"Iko."

Karasha ilirudi kazini baada ya siku tisa. Siku hizi Lusubilo, kabla hajainama, huikagua taa kwanza.

"Mama Gwantwa, leo hafifu kabisa!"

"Vizuri," hujibu Tulinagwe kutoka kibandani. "Saga."